Ng'ombe Niliyemfuta Katika Barua

Jumamosi, Uru. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na mlima haujaonekana tangu Jumatano. Magoti yanauma, lakini moyo ni mweupe.

Restituta amechaguliwa. Mjukuu wangu atasomea udaktari.

Sentensi hizo nimeziandika kwanza daftarini, nikazitazama. Hazina kosa.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia Restituta mwenyewe kwa sharti kwamba nisijisifu bure. Nilikaribia kumharibia.

Mwezi wa saba chuo kiliwataka waombaji waandike barua kueleza kwa nini wanafaa kuhudumia wagonjwa. Alama za mtihani peke yake hazikutosha. Restituta aliandika kurasa mbili, akaniletea nizisahihishe, maana nimefundisha lugha kwa miaka thelathini na minne. Nilitarajia kusoma habari za Biolojia. Nikakuta habari za ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe ni wa jirani yetu, Mzee Aloyce, ambaye mkewe alifariki na watoto wako mbali. Ng'ombe huyo mzee anamwita Sista, jina ambalo paroko hajalifurahia. Mzee huyu alikaa na kidonda mguuni kwa miezi mingi, akikataa kwenda hospitali. Nilikwenda kumwonya mara tatu. Nilisimama mlangoni, nikamweleza hatari zote kwa mpangilio mzuri, nikaondoka. Nilihitimisha kwamba ni mbishi.

Restituta hakumwonya. Alikwenda akaketi karibu na banda, akauliza habari za Sista. Anakula vizuri? Maziwa yamepungua? Siku ya tatu mzee akasema mwenyewe, "Wakinilaza, nani atamkatia majani?" Huku kwetu ng'ombe hatoki kwenda malishoni, anakula kile anacholetewa bandani. Restituta akamwambia, "Nitakata mimi." Asubuhi iliyofuata mzee alikubali kupelekwa. Alilazwa wiki tatu, na kila jioni binti huyu alipita mbele ya nyumba hii na mzigo wa majani kichwani. Kidonda kilifunga, ingawa mteremko mzee bado haumudu, kwa hiyo Restituta ameendelea kukata hadi jana.

Hayo ndiyo aliyoyaandika. Nami niliyafuta yote kwa kalamu nyekundu.

"Barua ya chuo si mahali pa ng'ombe," nilimwambia. Badala yake niliweka sentensi yangu: *Mimi ni mtu mwenye huruma na uwezo mkubwa wa kushirikiana na watu.* Ilikuwa sentensi safi. "Sawa, babu," alisema, akaipeleka hivyo hivyo.

Afadhali angebisha.

Alipoitwa kwenye usaili, daktari mmoja, mama wa makamo, aliisoma sentensi yangu kwa sauti. Kisha akasema, "Binti, hii wameandika karibu wote. Wewe umemhurumia nani?" Restituta anasema aliniona akilini, mimi na kalamu yangu. Halafu akaanza na Sista. Alieleza yote, na yule mama akaweka karatasi mezani.

"Na leo uko hapa. Majani anakata nani?"

"Nimeacha ya siku mbili, daktari."

Wasaili wote wakacheka. Jana jibu lilikuja.

Jana hiyo hiyo nilimwomba radhi jikoni, akiwa anamenya ndizi. Si jambo nililolizoea, na nadhani sikulifanya vizuri. Hakuacha hata kumenya. "Yameisha, babu," alisema. "Ila siku nyingine ng'ombe wa watu usimguse."

Nimewaona wanafunzi wengi wakifaulu. Sijawahi kujivunia mmoja kiasi hiki, na huyu amefaulu kwa kile nilichokifuta.

Anaondoka wiki ijayo. Kwa hiyo leo alfajiri nilichukua mundu nikashuka kukata majani. Huku kwetu hiyo ni kazi ya kina mama, na sijawahi kuifanya. Wanawake niliokutana nao njiani walinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," kwa heshima zote, wakasubiri nipite ndipo wakacheka.

Mzee Aloyce hakusubiri.

"Mwalimu! Umeolewa lini?"

Nilitua mzigo. Akaushika, akaugeuza, akatikisa kichwa. "Haya yana umande. Atavimba tumbo huyu. Yatandaze kwanza yakauke."

Nikayatandaza chini ya paa la banda. Kazi yangu yote ya asubuhi, na imerudishwa.

Ukungu haukuwa na haraka, kwa hiyo tulikaa. Nilikuwa sijawahi kuketi pale. Mara zote tatu nilisimama. Nikamuuliza habari za Sista. Mzee alizungumza karibu saa nzima: alivyomnunua akiwa ndama, jinsi mkewe alivyomkataa ng'ombe huyo mwanzoni akampenda baadaye, jinsi nyumba ilivyokuwa kimya baada ya mazishi na mlio pekee aliobaki nao ukawa wa bandani. Nilisikia makosa mawili ya sarufi. Niliyaacha yapite.

Kesho, misa ikiisha, nitashuka tena na mundu. Nitasubiri umande ukauke.