Silabi ya Mwisho ya Vuvu Selep

Mwaka umetimia, Vuvu, bibi yetu, tangu utuache alasiri ile ya mvua, na sisi wajukuu zako bado hatuna hakika ulituambia nini.

Tunaikumbuka mikono yako iliyonuka moshi wa magimbi, na uwele uliotufungia kwenye majani kila tulipopanda kuja kwako mlimani, hata ukiwa mgonjwa. Kwenye lugha ulikuwa mkali. Aruai akisema, "Mimi nimekula gimbi," ulimdakia: "Mimi, mimi! Kwani wewe ndiwe habari ya kijiji kizima? Na gimbi litatajwa lini?" Maana katika Kipaiwan chako, lugha ya wazee wetu wa mlimani, kitenzi kiligeuka umbo kulingana na anayepewa heshima: mlaji, kinacholiwa, mahali pa kulia, hata kisu. Sisi wa mjini tulijua kujitanguliza tu. Tulikucheka, Vuvu, na leo tunaona haya.

Siku ile ulimshika mkono Mama yetu, binti yako, ukatamka neno moja la kusubiri. Pumzi ikakatika kwenye silabi ya mwisho.

"Amesema -en," alisema Mjomba Kuljelje, kifungua mimba wako. "Anasubiriwa. Baba anamngoja kule makaburini."

"Una nta masikioni, kaka!" Mama akamkatiza. "Ni -an. Hapa ndipo pa kusubiria. Anataka kubaki nyumbani, kama wahenga waliozikwa chini ya sakafu hii."

Irabu moja tu. Neno la mkubwa likapita, tukakuzika bondeni kando ya Babu. Nyumba tukaitia kufuli, tukashuka sote mjini.

Aruai alikuwa amekurekodi kwa simu. Mwaka mzima tumesikiliza mpaka tunaogopa kuigusa simu yenyewe. Wiki iliyopita Mjomba aliiweka mezani, akasema, "Dada, ni -an."

Mama aliinuka akaanza kufunga virago.

Tusamehe, Vuvu. Kama ndivyo ulivyosema, umesubiri mwaka mzima ndani ya nyumba tuliyokufungia. Jumamosi tunapanda na ufunguo, na Mama hatashuka tena.

Unakumbukwa na mwanao Kuljelje, binti yako Muakai, na wajukuu zako Aruai, Rangalu na Tjuku.

Hatutakusahau kamwe. Subiri kidogo tu.