Toleo la Kuvumilia Umeme wa Mapendo

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Nimefagia dispanseri yetu ya Mapendo, nimewapanga akina mama kwenye benchi, nimewasha mashine ya kompyuta. Saa nne umeme ukakatika. Uliporudi, watoto wote waliochanjwa asubuhi walikuwa wametoweka kwenye programu ya kuandikia chanjo. Mama mmoja anayetoka kule Kanyaruchinya alikuwa ameshaondoka. Kadi ya mtoto wake ilipotea walipokimbia vita. Sasa hata sisi hatuna kitu. Nilitaka kulia.

Papa Jérôme, mkubwa wetu, anasema programu ni ya zamani mno. Nimtafutie toleo bora kufikia Jumatatu ijayo, la sivyo tunarudi kwenye karatasi. Mimi! Eti kwa sababu nilisoma informatiki, mambo ya kompyuta.

Jumanne, tarehe 5
Matoleo ni mengi kupita kiasi. Watengenezaji wanayatoa tangu kabla sijazaliwa. Mama Espérance, muuguzi, amenicheka: "Mutoto, chukua ile ya mupya! Nani anapenda kuvaa kikwembe ya mwaka jana?" Sikujibu. Huwa sijibu.

Alhamisi, tarehe 7
Nimejaribu matoleo matatu nyumbani, kwenye laptop ya kaka. Umeme ulikatika katikati. Hakuna kilichopotea, hata kwenye la zamani. Basi, nachukua jipya kabisa. Furaha.

Ijumaa, tarehe 8
Mjinga mimi. Laptop ina betri, haikuzimika hata kidogo! Mashine ya dispanseri haina. Nimeona aibu peke yangu, nikiosha sahani.

Jumamosi, tarehe 9
Wagonjwa walipoisha nimeanza upya, kwenye mashine yenyewe. Naandika majina ya kubuni, nachomoa waya wa umeme, narudisha. La zamani: yamepotea. Jipya: yapo, lakini mashine yetu kuukuu inalemewa. Mtoto angenyonya akashiba kabla kadi yake haijafunguka kwenye skrini. La katikati, ambalo si jipya lakini watengenezaji bado wanalirekebishia makosa: haraka, na majina yapo. Nikachomoa tena. Yapo!

Mama Espérance akanikuta na waya mkononi. "We mutoto, unataka kutuchomea nyumba?"

Leo nilijibu. Nilimweleza mpaka mwisho. Akavuta kiti. "Basi chomoa tena, nione."

Jumatatu, tarehe 11
Papa Jérôme amekubali la katikati. Mama Espérance alikuwa na namba ya simu ya yule mama wa Kanyaruchinya; alimpigia, naye akaja na mtoto. Mama Espérance mwenyewe anaikumbuka vizuri chanjo aliyompa mtoto. Nimeiandika.

Umeme ukakatika. Tukasubiri.

Uliporudi, nikatafuta jina la mtoto. Lipo. Nikaita mama anayefuata.