Kigari cha Mzee Murithi

Jumapili, 6 Julai 2025

Mwalimu Gakii kaanguka. Zile ngazi za juu zilizomeng'enyeka – mkono wa kulia, kwenye kifundo. Plasta wiki sita. Kwa maumivu hakulia. Kalia alipoingia chumbani akaiona meza yake.

Mezani pana kigari cha vita cha plastiki, urefu wa kiganja. Amekiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, tangu apange chumba kwangu. Bado rangi. Babake, Mzee Murithi, yuaja Jumamosi kutoka Meru. Alikuwa dereva jeshini, kaendesha gari kama hilo jangwani. Miaka miwili hawasemezani – hakutaka bintiye akubali uhamisho wa kuja kufundisha huku pwani. Sasa kapiga simu mwenyewe. Na zawadi haijaisha!

Nikamwambia: mimi napaka maharusi hina tangu nina miaka kumi na minne. Mkono ninao. Wewe uwe mato ya kuniangalilia.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Rangi ya jangwa. Si manjano, si kahawia – kama biskuti iliyolowa chai. Mwalimu kakaa pembeni, kila mara "nyembamba zaidi, Bi Swafiya". Kumbe rangi nzito huzika vichwa vya misumari ya ubavuni mwa gari. Misumari yenyewe kama mayai ya chawa!

Naona raha. Sijamwambia.

Jumanne, 8 Julai 2025

Umri wangu wote napamba, yeo naambiwa nichakaze! Kipande cha sponji, unagusagusa kwenye kingo, rangi ionekane imebambuka. Halafu kahawia iliyolegezwa na tapentaini, iingie kwenye mifereji. Mchanga wa ufuo wa Shela umekataliwa. Kwa gari dogo hivi askari wake angekuwa urefu wa kidole, na chembe moja kwake ni jiwe la kujikwaa. Tukasaga chaki za shule pamoja na chokaa, tukachekecha kwa leso. Vumbi laini kama poda. Nyusi zetu nyeupe, tumecheka hadi mbavu zauma.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimeharibu.

Mwalimu alikuwa shuleni, nikaona nimshangaze. Nikatia rangi ya kutu – milangoni, magurudumuni, ubavuni. Kutu nzuri kweli, ile ya nanga! Karudi, katazama. "Hii si mashua, Bi Swafiya. Kule ni kukavu. Gari linapauka, halishiki kutu namna hii." Kwa sauti ndogo. Afadhali angenipigia kelele. Kalala bila kula.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Baada ya sala ya alfajiri nimekaa na pamba na tapentaini, nimeitoa kutu kidogo kidogo. Imetoka. Ila karibu na mlango wa dereva imetoka na rangi yake. Plastiki tupu!

Nikafikiri sana. Mlango wetu wa nje umeng'aa pale tu watu wanaposhika. Basi nami nikapafanya hivyo – kama pamesuguliwa na mkono wa mtu mmoja, kila siku, akipanda. Kijiti changu cha piko, ile hina nyeusi, na rangi ya chuma. Mwingine asingepaona.

Jioni mwalimu kapaona. Kapagusa kwa ncha ya kidole. Kisha kaniomba radhi kwa ya jana. Na kaomba jambo: babake akiuliza, niseme kapaka yeye, kabla hajaanguka. Anataka mzee ajue mwanawe hakumsahau. Nikasema sawa. Neno dogo tu. Mbona sipati usingizi?

Ijumaa, 11 Julai 2025

Kaja yeo! Siku moja kabla! Mwalimu bado shuleni. Mtu mrefu, kofia mkononi, auliza nyumba ya Mwalimu Gakii. Nikavuta buibui, nikaacha mlango wazi. Karibu Bwana Murithi, mwanao yuaja sasa hivi.

Kigari kilikuwa sebuleni, kikikauka. Sikuwahi kukifunika, nikasema ni zawadi yako kutoka kwa mwanao. Mzee kainama, mikono nyuma, kama mtu aogopaye kuvunja. Katazama magurudumu. Vumbi. Kafika kwenye mlango wa dereva, hapo kasimama.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikishika," alisema. "Miezi kumi na minne. Sijawahi kumwambia mtu. Huyu mtoto alijuaje?"

Nilitazama sakafu. Kasema binti anayemjua hivi, yeye kamnunia miaka miwili. Kapangusa mato kwa ile kofia.

Mwalimu kaingia. Wamekumbatiana muda mrefu, mpaka nikageuka ukutani. Halafu babake kauona mkono. Umefanya nini? Nilianguka, baba, Jumapili.

Jumapili.

Mzee kakirudia kigari, kanusa. Tapentaini bado mbichi. Kautazama mkono wenye plasta. Kavitazama vidole vyangu, rangi ya chuma ingali kuchani.

"Hapa mlangoni," kauliza, bila ukali, "nani alipaka?"

Mwalimu kanitazama mimi.

Nikasema ngojeni niangalie chai. Niko jikoni, naandika juu ya pipa la unga. Sebuleni wamekaa wote wawili, kigari kati yao. Wananingoja.

Chai imechemka zamani.