Siku Arobaini na Tisa na Saa Kumi na Saba

Ijumaa, 22 Agosti 2025

Simu saa mbili na nusu asubuhi, hata chai sijamaliza. Sister Peres, yule muuguzi wa kliniki ya kanisa kule mtaani Satellite. Friji ya chanjo ina joto, anasema. Amegusa chupa kwa kidole akaona si baridi. Screen ya mashine yetu ya kupima joto inasema nyuzi nne nukta moja, yaani salama. Kengele haijalia.

Nikamwambia, bila kufikiri, "Sister, izime halafu uiwashe."

Mazoea tu. Kila mtu akipiga simu tunamwambia hivyo. Akazima, akawasha. Mashine ikaamka, ikasoma kumi na mbili nukta nane, kengele ikaanza kulia mpaka nikaisikia huku. Akanishukuru. Akanishukuru!

Ofisini nikafungua rekodi, maana mashine hututumia zenyewe kwa mtandao. Ya Satellite iliwashwa Jumamosi tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi. Haikuzimwa tena hadi leo. Kipimo cha mwisho cha kweli ni cha Jumapili tarehe 10 Agosti, saa tisa na dakika mbili usiku. Baada ya hapo 4.1 tu, mpaka mwisho. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa nasari, halafu kwa kompyuta. Siku arobaini na tisa, saa kumi na saba, dakika mbili. 

Niandike wazi, angalau humu. Kiendeshi cha kipima joto, yaani kile kipande cha programu kinachoiambia kompyuta friji ina joto gani, nilikiandika mimi. Ndani yake kuna saa inayohesabu milisekunde tangu mashine iwashwe. Nafasi niliyoipa ile hesabu ni ndogo. Ikijaa inarudi sifuri, kama mita ya kilomita ya gari kuukuu. Basi kiendeshi kinajiuliza: nilipima mara ya mwisho saa ngapi? Kinaona jibu liko mbele sana, saa haijafika. Kinangoja. Na kikingoja kinaendelea kuonyesha joto la zamani, tena kwa rangi ya kijani.

Kosa la mwaka wa kwanza chuoni. Lakini silo linalonichoma.

Wamucii aliniambia. Novemba mwaka jana, kwenye mkutano wa kukaguana code. Yeye ndiye hupitia kazi yangu, nami napitia yake. Alisema kwa upole kabisa, "Sifuna, hii number itajaa. Ikifika siku forty-nine inarudi zero."

Na mimi, mbele ya watu: "Wamucii, nionyeshe mtaa mmoja hii Nairobi stima imekaa siku forty-nine bila kupotea."

Watu walicheka. Jamleck, mwenye kampuni, alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka kuliko wote. Wamucii akaandika kitu kwenye daftari lake.

Na nilikuwa sahihi, ndiyo ajabu yake! Tulizijaribu mashine Kabiria, Kawangware, Riruta. Stima inapotea, mashine inazimika, hesabu inaanza upya. Hata Spring Valley kwa wenye majenereta kuna zile sekunde kumi za giza kabla jenereta haijashika. Stima mbovu ilinifichia kosa miezi saba. Kisha mwezi wa sita waumini wa Satellite wakachanga, wakaweka sola na betri, na giza likaisha. Mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini tende limeota mguuni mwa mtu mwingine.

Jamleck akauliza kama shida ni yetu. Nikasema bado naangalia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilikwenda Satellite mwenyewe. Ningeweza kumtuma mtu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka nikute ni kitu kingine.

Ni kitu kingine pia: mpira wa mlango umechanika, ndiyo maana joto liliingia. Mpira ni wao. Lakini kengele ingelia siku ya kwanza, na kengele ni yangu.

Sister Peres ni mama wa miaka hamsini na tisa, mfupi, sweta ya bluu. Anastaafu Desemba. Ananiita Engineer. Alinipa chai na mandazi, nikala mawili. Nilikula mandazi ya huyu mama huku najua!

Akanionyesha karatasi yake ya joto. Asubuhi na jioni, kila siku, hata Jumapili kabla ya ibada, mwandiko uleule ulionyooka. Tangu tarehe kumi hadi ishirini na moja: 4.1, 4.1, 4.1. Mara ishirini na nne.

Kisha akaja mwenyekiti wa kamati ya kliniki, Mzee Wachira, mwalimu mkuu wa zamani. Mtu wa haki, nadhani, na ndiyo maana anatisha. Aliweka kidole kwenye zile nambari. Akasema hakuna friji duniani inayokaa mahali pamoja mara ishirini na nne. Akasema amesahihisha mitihani miaka thelathini na anamjua mtu anayenakili akimwona. Kwa maoni yake Sister alikuwa anajaza karatasi bila kwenda kuangalia.

Sister alisema aliandika alichoona. Hakupaza sauti.

Mzee akanigeukia. Ijumaa alisikia kengele, akaja mbio, akakuta mashine inasoma vizuri, friji ina joto na nambari iko juu. Sasa akaniuliza kama leo pia inasoma vizuri. Nikaangalia. Inasoma vizuri. Si iliwashwa upya jana? Kwa agizo la nani? Nikasema, "Ndiyo mzee, inasoma vizuri."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Watoto sitini na watatu walichanjwa katika siku hizo. Mama zao wanapigiwa simu mmoja mmoja warudi, watoto wachomwe tena. Sister ndiye anayewapigia. Nilimsikia akimweleza mmoja, akimwomba msamaha. Anaomba msamaha yeye.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Nasimiyu kichwa kinauma. Mke wangu si mjinga, aliniangalia kidogo tu, akachukua Biblia yake akaenda.

Nimeosha viatu vyote vya nyumba hii. Hata vile vya mvua.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerekebisha. Mistari miwili. Nimeipanua nafasi ya hesabu na kubadilisha namna ya kulinganisha saa, ili hata ikijaa ijue imezunguka. Nikaijaribu kwa kuidanganya saa iruke karibu na mwisho. Ikapita sifuri bila kujikwaa. Dakika kumi na tano kwa jumla, na nne kati ya hizo natafuta chaja. Novemba ingekuwa dakika hizohizo!

Halafu maelezo. Kila rekebisho lazima libebe maelezo, ndivyo tunavyofanya kazi, na ndivyo wote wenye kuandika viendeshi wanavyofanya. Kosa ni nini. Liliingia lini. Nani aliliripoti. Yakipita ukaguzi, maelezo hayo yanakwenda pamoja na rekebisho kwa kila mwenye mashine, Satellite ikiwemo. Mzee Wachira husoma kila karatasi. Husoma hata maandishi ya nyuma ya risiti.

Niliandika: "Maboresho madogo ya saa."

Maboresho! Kama mtu aliyepaka rangi ukuta.

Penye aliyeripoti nikaacha wazi. Nikiandika jina, lazima niandike na tarehe. Nikiandika tarehe, kila mtu ataona nimelala juu ya kosa hili tangu Novemba, na si kulala tu, nilicheka.

Mchana Jamleck alipita mezani. Kamati wanataka barua: mashine ilikuwa na kasoro au haikuwa nayo? Anaamini neno langu, hajui kusoma code, yeye ni mtu wa mauzo. Nikamwambia sijaona kitu. Ilitoka yenyewe, laini. Akarudi kwenye kiti chake, nikasikia anaandika barua huku anapiga mluzi. Jioni akatusomea sote: hatujapata kasoro yoyote katika kifaa. Akatueleza na habari ya yule muuguzi aliyekuwa ananakili, akatikisa kichwa, akasema watu wa siku hizi.

Wamucii alikuwa anakunja waya wa laptop. Alikunja polepole sana.

Jumanne, 26 Agosti

Rekebisho limerudishwa. Wamucii hakulikataa, hakulipitisha. Ameacha neno moja tu mahali pale nilipoacha wazi: "Aliyeripoti?"

Asubuhi nzima nimelitazama. Kati ya meza yake na yangu kuna hatua nne. Angeweza kumwendea Jamleck. Angeweza kusimama na kusema mbele ya watu, kama nilivyosema mimi mbele ya watu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo, na ningefurahia.

Saa saba nikamfuata chini, pale kwa mama wa chapati nyuma ya jengo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaanza kusema kwamba hali ni ngumu, kwamba kampuni itapoteza kliniki zote kumi na moja, kwamba pengine Sister hata hivyo... Hakuniacha nimalize.

"Sifuna, mimi sitaki jina langu huko. Weka, usiweke, ni sawa tu. Lakini huyo mama ameandika ukweli kila siku. Na ni wewe tu unajua."

Akalipia chapati yake akapanda ngazi. Nilibaki nimeshika sahani ya maharagwe.

Si kweli ni mimi tu ninayejua. Yeye pia anajua. Alimaanisha ni mimi tu ninayepaswa kusema. Ninamwonea haya kuliko ninavyomwonea haya Mungu, na hilo nalo ni la aibu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeandika: Aliyeripoti, Wamucii, 14 Novemba 2024. Nikafuta. Nikaandika tena. Na juu yake: hesabu inajaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba, kipimo kinaganda, kengele hailii.

Sijatuma. Liko tu pale.

Nasimiyu ameuliza mbona sili. Nikamwambia kazi. Akasema kazi haijawahi kunizuia kula.

Alhamisi, 28 Agosti

Satellite. Saa nne kasoro dakika kumi. Nimekaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa kanisa. Kamati iko ndani. Jamleck alinituma nilete barua yake kwa mkono, ile ya hatujapata kasoro, na nijibu maswali wakiwa nayo. Nimeleta. Kwenye begi nina laptop pia, na rekodi nimezichapisha asubuhi mjini, kurasa sita, mstari wa tarehe kumi nimeupigia alama. Kwa hiyo nina karatasi za namna mbili. Mtu mzima, mwenye digrii!

Nilidhani nikifika nitaingia moja kwa moja. Miguu ikaja kwenye benchi. Nikatoa daftari hili nijifanye nina shughuli.

Sister Peres yuko hapa. Alikuja akakaa kando yangu, sweta ileile ya bluu, bahasha mkononi. Akanisalimia, akauliza watu wa nyumbani. Ananiona ninaandika, anadhani ni kazi yao.

Ameniambia walichompa. Akikubali kwa maandishi kwamba alikuwa ananakili nambari, wanamruhusu astaafu sasa, bila kelele, na hawatamshtaki kwa baraza la wauguzi. Asipokubali watamshtaki, na leseni inaweza kwenda. Miaka thelathini na minne ya kazi. Hana hasira. Anasema kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kwenda kwao Siaya.

Kisha akaniuliza. Sikutaka aniulize, nilikuwa ninaomba asiulize.

"Engineer, wewe unaijua hiyo mashine. Inaweza kudanganya? Maana kidole kiliniambia mapema, na mimi nikaamini screen. Siku hizi najiuliza kama kweli nilikuwa naangalia."

Anaanza kuamini alinakili. Nimemfikisha hapo. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba sola yao ni nzuri sana, haikatiki. Akacheka kidogo, akasema ndiyo, tunamshukuru Mungu kwa sola.

Ee Sifuna.

Mlango umefunguliwa. Katibu ametoa kichwa, anasema wako tayari, Sister aje na karatasi yake iliyosainiwa, halafu mtu wa mashine. Sister ameitoa kwenye bahasha, ameiweka juu ya goti. Naiona kutoka hapa. Imechapwa vizuri. Chini kuna mstari wa jina lake.

Amepapasa mfukoni, hana kalamu. Ameniomba hii yangu. Nimemwambia angoje kidogo, namalizia kitu. Amenyoosha mkono, anasubiri, haharakishi. Katibu bado ameshika mlango. Ninaandika polepole sana.