Pikapu ya Mama Neema Imerudi

Fundi wangu Luhende,

Pikapu ya Mama Neema imerudi. Naanza na hilo, maana nikianza na mengine nitalia kabla sijafika popote. Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike. Gereji yetu hapa Ngokolo ipo, bati linalovuja bado linavuja, na kiti chako hakuna anayekikalia. Mimi ndiye niliyekataza, na nimekuwa mkali mpaka wenzangu wananikwepa.

Unaukumbuka ugonjwa wake. Pikapu ikiwa imesimama, injini inanguruma vizuri. Ukikanyaga mafuta inasita, inajivuta kama mtu aliyetumwa asikotaka, ndipo inaondoka. Mama Neema anapelekea wachimbaji wa Geita nguo na mabuti, na alikuwa amechoka kusukumwa njiani. Mwanawe akamfungia ile geji ya kupima hewa na mafuta, nayo ikasema wazi: hewa nyingi, mafuta machache. Nikaiamini. Ilikuwa na taa, ilikuwa na namba, na mimi, mwanamke peke yangu kati ya mafundi, nilitaka waone najua vitu vya kisasa.

Wewe ulifungua plagi ukanionyesha. Nyeusi tii, masizi matupu.

"Kabula, injini hii imeshiba mafuta mpaka inatapika. Hiyo saa yako inadanganywa. Tafuta hewa inakoingilia."

Ukatoa chaki. Ndiyo ilikuwa sheria yako: kila fundi aandike kwenye kioo ugonjwa anaoudhani kabla hajashika spana, asije baadaye akajifanya alijua. Wewe ukaandika "bomba la moshi", mimi nikaandika "mafuta". Halafu nikasema yale maneno, mbele ya mteja na mafundi wote: "Fundi, mambo haya yameshakupita. Kapumzike nyumbani." Watu wakacheka. Wewe ulifuta mikono yako taratibu, kidole kimoja kimoja, ukasema, "Haya, ng'wana wane, fanya wewe." Hata hapo uliniita mwanao.

Nikafanya. Nikaongeza mafuta kwenye kabureta, geji ikatulia pale inapotakiwa, nikakabidhi ufunguo nikijiona bingwa. Siku mbili baadaye presha ikakuchukua.

Mama Neema aliivumilia pikapu wiki zote hizo, anaona haya kunisumbua nikiwa kwenye msiba. Wiki iliyopita, barabara ya Geita, alikuwa analipita lori, akakanyaga mafuta, ikasita. Mbele yake basi linakuja. Alichomoka nje ya lami, akapona. Aliniletea gari, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Fundi, ningeua mtu. Ningemuua mama wa watu kwa ubishi wangu.

Nikaiacha injini ipoe kabisa. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la moshi, nikawasha, nikaziba mdomo wa bomba kwa tambara bichi, vile ulivyonifundisha. Povu likachemka palepale bomba linapopokea moshi wa injini, kabla haujafika kwenye sensa ya ile geji. Ufa mwembamba, hata ukucha haupiti. Hewa ya nje ilikuwa inanyonywa hapo, sensa ikidhani inatoka ndani ya injini, geji ikilalamika, na mimi nikizidi kuimwagia injini mafuta isiyoyataka. Nilikaa chini kwenye mchanga wenye oili nikalia mpaka Mama Neema akadhani gari lake ndiyo basi tena.

Tumechomelea ufa, nimepunguza mafuta. Sasa ukigusa tu, inaondoka. Nilikutukana mbele ya watu, kwa hiyo nikawaita watu walewale nikasema mbele yao kwamba ulikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosa. Mmoja akasema, "Basi, yameisha." Hayajaisha.

Kuna jambo sikuwaambia. Jumatano ile, siku moja kabla hujatutoka, ulikuja gereji asubuhi. Ulisimama pembeni ya gari nililokuwa nalitengeneza, ukingoja shikamoo yangu. Nilikuona viatu, Fundi. Nikazidi kuinama ndani ya boneti, nikajifanya nakaza nati iliyokwisha kukazwa. Nilikuwa na hasira, wala sijui hasira ya nini. Ulisimama kidogo, kisha viatu vikaondoka. Neno moja tu, na nikakunyima.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Shija, mkeo, nikamweleza yote. Nilitaka anifukuze, labda ningepata nafuu. Macho yakamjaa machozi, akasema hakujua kama tuligombana. Jumatano ulirudi mapema, akakuuliza kulikoni, nawe ukamjibu, "Kabula ana kazi nyingi leo, sikutaka kumkatisha."

Ulinificha aibu yangu hata kwa mkeo. Nimeshindwa kulala na hilo, nimeshindwa kula nalo.

Pumzika, baba yangu. Nakuahidi: mtu akisimama kando yangu, hata niwe nimekamata nini, nitatoa kichwa nje ya boneti nimtazame usoni. Wewe nilikutazama miguu tu.

Mwanao,
Kabula