Kona Yangu ya Jangwani na Mama Mkwe

Kisarawe, Pwani
14 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Raudha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Maskati, na lile goti limepata nafuu. Anayekuletea ni jirani yetu Bwana Maneno, anayesafiri kesho. Nimemfungia na ubuyu wako na unga wa muhogo, usikubali akwambie vimepotea njiani. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mume wangu Zaidi anakuamkia.

Najua nilikuacha na wasiwasi siku ile nilipolia kwenye simu hata nikashindwa kukuaga. Shangazi, sasa silii. Ngoja nikueleze.

Nyuma ya kwetu kuna machimbo ya mchanga yaliyoachwa. Watu wanapaita Jangwani, maana hapaoti hata jani. Mwalimu mmoja, Telesphory, alipata ruhusa ya serikali ya mtaa tutengeneze pale njia ya baiskeli za milimani, ya kupanda na kushuka yale makorongo. Ni kazi ya kujitolea, kila Jumamosi. Vijana wanakuja na baiskeli zao kutoka mbali, hata mtaa wa Picha ya Ndege kule Kibaha, sisi tunakuja na majembe na machepe. Zaidi alikwenda, nami nikamfuata. Nyumbani, chini ya macho ya mama mkwe, nilikuwa nakosa pumzi.

Mama mkwe, Bi Mwanaamina, hakupenda kabisa. "Mke wa mtu na chepe, katikati ya wanaume!" Alinisema kwa majirani, akasusa hata chai yangu. Zaidi hakujua amshike nani.

Lakini niliipenda kazi ile, Shangazi. Mchanga una ukaidi: unachonga kona asubuhi, jioni imeporomoka. Tukawa tunachimba udongo wa vichuguu, tunauchanganya na mchanga, tunaumwagia maji na kuushindilia mpaka unakuwa mgumu kama sakafu. Kona yangu ya kwanza iliposimama, niliizunguka kama mwenye nyumba mpya.

Jumamosi moja Bi Mwanaamina akaja mwenyewe kunichukua. Alisimama juu ukingoni, mkono kiunoni, akiita jina langu. Kabla sijaitika, ukingo ukameguka. Alishuka kwa makalio, kanga inapepea, mpaka chini kabisa, miguuni pangu.

Nikajua leo ndoa yangu imekwisha. Nilimwinua. Akajipangusa mchanga usoni, akatazama kule juu.

"Nimeshuka kote kule?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka! Alicheka hadi akanishika bega asianguke, nami nikashindwa kujizuia, machozi yakatutoka wote wawili.

Hakunirudisha nyumbani. Aliketi kivulini, akatutazama tukifanya kazi, mwisho akauliza nani anawapikia watu hawa. Hakuna. Jumamosi iliyofuata alikuja na sufuria ya wali na maharage, na tangu hapo jiko la Jangwani ni lake, hagusi mtu mwiko.

Jioni tunarudi pamoja. Siku moja njiani aliniambia kwamba alipokuwa bibi harusi, mama mkwe wake hakumruhusu hata kwenda sokoni. "Nilidhani ndivyo inavyotakiwa," akasema. Nilimpokea sufuria, tukaendelea kutembea.

Jana tulizindua njia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukaenda roho juu, lakini kona zote zilikuwa zimesimama isipokuwa moja, na hiyo tuliirekebisha haraka kabla wageni hawajafika. Bi Mwanaamina alijiweka kwenye mteremko mkali kuliko yote, akimpigia kelele kila anayeshuka: "Breki, baba, breki!"

Mgeni mmoja kutoka Kibaha akamuuliza nani kaijenga kona ile iliyokaa vizuri. Akanivuta mkono mbele ya watu wote.

"Huyu hapa. Mwanangu Sada."

Nisalimie Mjomba Badru na mdogo wangu Faudhia. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Mimi mwanao nikupendaye,
Sada