Sijui Kama Nilitia Chumvi

Alhamisi, Boko. Mawingu yamejaa tangu asubuhi, joto limekaba koo, na mvua yenyewe haitaki kunyesha. Nilifunga leo. Naandika nikiwa nimeshafuturu, vidole bado vinanuka samaki, na sijui kama ninachotaka kuandika ni huzuni au shukrani. Nianze na huzuni, maana hiyo ninayo ya kutosha.

Baba hali.

Nikisema hali, simaanishi kwamba anachaguachagua chakula kama watoto. Anakaa mezani vizuri, anasema bismillahi, anamega kipande cha ukubwa wa kucha, anakitafuna mpaka mimi ninayetazama nachoka taya. Halafu anaisukuma sahani taratibu na kusema, "Alhamdulillahi mama, nimeshiba." Mama ndilo jina analoniita tangu utotoni. Ameshiba nini? Paka wa jirani hashibi kwa kiasi kile.

Jumamosi tunarudi kwa daktari. Mara ya mwisho alimpandisha kwenye mizani, akatazama, kisha akaongea na mimi kana kwamba Baba hayupo chumbani. Alisema uzito ukishuka tena atamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani. Vipimo vyote vimefanyika, ugonjwa mpya hakuna. Ana vidonda vya tumbo vyake vya siku zote, vinavyomkataza vya kukaanga na pilipili, basi. Tulipokuwa kwenye bajaji tukirudi, Baba alisema neno moja tu: "Mie pale silali."

Pale ndipo alipolazwa Mama. Aliingia kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Tulisoma arobaini yake nyumbani kwao Temeke, na baada ya hitima nikamchukua Baba akae kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwana pekee niliye karibu. Nilijiambia nitamtunza. Tazama sasa ninavyomtunza. Kanzu yake ya Ijumaa, aliyojishonea mwenyewe, inamning'inia mabegani utadhani ameazima kwa mtu.

Niseme kidogo kuhusu jiko langu, maana vita vyote vinapiganwa humo. Nimepanga ghorofani, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mkaa huku juu. Nina sufuria la umeme la kupikia wali, na nina grili. Ni ile ya umeme yenye vyuma viwili bapa: unaweka chakula juu ya cha chini, unafunika na cha juu, kinabana, kinaiva pande zote kwa pamoja, na mafuta yanachuruzika kwenye kisahani cha mbele. Niliinunua wakati nikiishi peke yangu, kwa uvivu tu. Nilikuwa natoka kazini Mikocheni, kwenye duka la vigae, miguu imevimba, naweka paja la kuku, naenda kuoga, nikitoka limeiva.

Baba ni fundi cherehani. Siku ya kwanza alipoiona alicheka hadi akakohoa. "Kumbe siku hizi mnapiga pasi chakula!" Ukawa utani wetu. Nikifungua tu mlango jioni, kabla sijavua viatu, utamsikia sebuleni, "Leo tunapiga pasi nini?" Na mimi najibu kwamba leo ni suruali ya bwana harusi, au kanzu ya shehe, halafu naenda kubanika bilinganya.

Kisha utani ukakatika. Sikumbuki siku yenyewe. Hilo linaniuma kuliko mengi, kwamba ulikatika nami nisiangalie.

Tangu hapo nimepiga pasi kila kitu kinacholiwa. Kuku niliyemlaza kwenye ndimu na tangawizi. Viazi vitamu vya kukata bapa, vinatoka na mistari kama mkeka. Muhogo niliouchemsha kwanza, ukabanwa mpaka ngozi ikawa kavu na ndani laini. Ndizi. Mkate wenye yai katikati. Hata kiporo cha ugali nimekikata vipande nikakibana, kikafanya ukoko wa nje mtamu ajabu, nikakila kimya kimya nimesimama huku Baba ananiambia kutoka mezani kwamba ameshiba.

Mama Neema wa chini, ambaye kwao ni Mbeya na hana siri moyoni, aliniita uani akaniambia ukweli wake. "Dada, mie nakwambia, hicho kimashine ndiyo ishu. Mzee wa watu amezoea mchuzi, wewe unampa vitu vikavu. Njoo upike kwangu, jiko la mkaa lipo." Nikaenda. Nikakuna nazi, nikapika mchuzi wa samaki kama wa Mama, nikapandisha chungu ghorofani kwa mikono yangu. Baba alikula matonge mawili, akanishukuru sana, akasukuma sahani.

Kwa hiyo si grili. Ningefurahi ingekuwa grili, ningeitupa.

Jumapili nilimfokea. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema. Nilimwambia, "Baba, unataka nizike tena?" Mzee yule alinitazama, akainama, akachukua kipande cha kuku akakitia mdomoni kwa ajili yangu, na nikaona kinavyomkataa kooni. Alikunywa maji kukisukuma. Niliingia chooni nikafungua bomba ili asinisikie.

Nimejaribu kila adabu niliyofundishwa. Sahani yake ni ile nzuri yenye ua. Namletea maji ya kunawa. Namwekea mnofu, mimi nachukua mifupa. Wiki zile za mwanzo, kila nilipoanza kupika, alikuwa anakuja kusimama mlangoni pa jiko, mikono nyuma, hasemi kitu. Jiko lenyewe dogo, nikigeuka namkanyaga. Nikawa namwambia, "Baba, kakae upumzike, kikiwa tayari nitakuletea." Mzazi wako hasimami jikoni kama anayesubiri mgawo, mimi sikulelewa hivyo. Nikamwekea kiti chenye mto karibu na dirisha apate upepo. Akaacha kuja mlangoni. Nikaona vizuri, sasa anapumzika.

Basi leo.

Niliomba ruhusa kazini leo na kesho, nikisingizia kwamba natayarisha safari ya hospitali. Ukweli ni kwamba nilitaka kushinda naye. Na nilikuwa nimefunga, kulipa siku ya mwisho kati ya zile nilizokula Ramadhani iliyopita. Baba hafungi, daktari alimkataza. Asubuhi alikunywa chai nusu kikombe. Mchana nilimpa uji, akaulambalamba, ukapoa mbele yake mpaka ukaota ngozi.

Alasiri nikashuka sokoni nikapata vibua wawili wanene. Nikawaparua, nikawachanja mbavuni, nikawapaka ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa. Nakumbuka nikiwaza, huyu mmoja ni wa Baba, na asipokula huyu, sijui tena nini. Nikampanga wa kwanza kwenye grili, nikabana. Akaanza kulia chiii. Harufu ikapanda.

Umeme ukakatika.

Taa nyekundu ya grili ikazimika, feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama. Nilingoja. Nikafunua, nikaona kibua ameiva ngozi tu, ndani bado mbichi, macho yameshageuka meupe. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Mimi nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, nikalia kama sijapata kulia hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ile kulikuwa na wageni wa kuhudumia. Nilimlilia Mama. Nilimwambia Mungu kwamba nimechoka, kwamba kama anamchukua na huyu basi aniambie mapema nisiendelee kuparua samaki. Si dua nzuri hiyo, najua. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Sijui nilikaa pale kiasi gani. Feni ilipoanza kuzunguka nikainuka, nikajifuta uso kwa kanga, nikafunika grili tena. Kibua akaendelea alipoishia. Alipokuwa tayari, ndipo nikajiuliza kama nilitia chumvi.

Sikukumbuka kabisa. Ndimu nakumbuka, kitunguu saumu nakumbuka. Chumvi, kichwani hakuna kitu. Kopo liko mezani, kifuniko wazi, lakini kopo langu liko hivyo siku zote. Ningeonja, lakini nimefunga. Wapo wanaosema unaweza kugusisha ulimi na kutema. Kwetu hatukuwa tukifanya hivyo.

Nikaita bila kufikiri, kama ambavyo ningemwita yeyote aliyemo ndani, na kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Baba! Hebu njoo unionjee chumvi, mie nimefunga!"

Kisha nikasikia ndala zikijikokota.

Akaja akasimama palepale mlangoni alipokuwa akisimama zamani. Nikamega kipande, nikageuka nitafute kisahani. Baba hakungoja kisahani. Alikuwa ameshakinga kiganja.

Hapo nikaona. Tukiwa Temeke, Mama hakupata kupakua chakula hata siku moja kabla Baba hajaonja. Alikuwa anatoka jikoni na mwiko, anapita kati ya vitambaa, anasema, "Fundi, chumvi." Baba anatoa mguu kwenye cherehani, anakinga kiganja, Mama anadondosha mchuzi, Baba analamba, anafumba macho. Anasema bado, au anasema imekolea. Kama ni bado, Mama anarudi, anakuja tena. Sisi watoto tulidhani Mama hajui kupima chumvi. Wakati mwingine alirudi mara nyingi mpaka tunalalamika njaa. Mwanamke yule alikuwa anapikia harusi za watu, masufuria makubwa, na huko hakumwonjesha mtu.

Na mimi nilikuwa nimemfukuza mlangoni. Kwa adabu, kwa mto na upepo wa dirishani, nilimfanya mgeni. Nilimletea chakula kilichokwisha amuliwa, kwenye sahani yenye ua.

Nikaweka kipande kiganjani. Akapuliza, akatia mdomoni, akafumba macho.

"Haina."

Nikanyunyiza chumvi, nikageuza, nikabana. Akasema nisikandamize, pasi haikandamizwi, inawekwa tu ikafanya kazi yake. Nikamega tena. "Bado kidogo." Nikaongeza. Akakinga tena. "Hebu nipe ya mkiani, huko ndiko inakojificha." Nikampa ya mkiani. Akasema ya mkiani imekaa sawa ila ya mgongoni ana wasiwasi nayo. Nikampa ya mgongoni. Niliogopa hata kuvuta pumzi kwa nguvu. Nilikuwa namega tu na kuweka, namega na kuweka, namwondolea miiba, na nilijiunguza kwenye chuma nikaendelea kumega.

Alipotazama chini kwenye grili, palikuwa na mfupa mmoja mrefu na kichwa.

Akaona haya. Mzee wa watu akaficha kile kiganja nyuma. "Mama, mbona nimekula futari yako?"

"Yupo mwingine, Baba."

Akamtazama yule wa pili kwenye bakuli. "Na huyo ulimtia chumvi?"

"Sijui, Baba."

"Basi ngoja," akasema, na akakunja mkono wa kanzu.

Adhana ya Magharibi ilitukuta tukiwa tumesimama vilevile. Nilifuturu kwa tende, maji, na nusu ya kibua wa pili ambaye chumvi ilikuwa imezidi, kwa sababu fundi aliamua hivyo. Alikula na tonge la wali. Baadaye aliswali, akalala mapema, na sasa namsikia anakoroma. Nimekwenda mara mbili kusimama mlangoni kwake nihakikishe ni kukoroma tu.

Sijidanganyi. Samaki mmoja na nusu haonekani kwenye mizani ya daktari. Inawezekana kabisa Jumamosi ile sindano ya mizani ikakaa chini ya ilipokuwa, na nikabaki nabishana na watu wenye makoti meupe wakati Baba amenishika mkono. Inawezekana kesho akaamka na kusema ameshiba. Naogopa kama nilivyoogopa asubuhi.

Nilikuwa nawaza kesho nitamwitaje. Nikionja mwenyewe kwanza halafu nikamwita, atajua. Alikaa na Mama miaka yote ile, uso wa mtu aliyeonja anaujua. Atakuja kwa kunihurumia, atakula kama alivyokula kile kipande cha Jumapili. Sitaki cha kunihurumia. Nataka nisijue kweli, ajue yeye.

Siku zangu za Ramadhani nimemaliza kulipa leo.

Kesho nafunga tena.